Shati Nililolirithi Chikongola

Leo nimeadhirika. Na nimeadhirika nikiwa nimependeza, jambo ambalo sikujua kama linawezekana.

Mnaonifahamu mnajua ugonjwa wangu. Napenda mashati ya kizamani: kola ndefu yenye ncha, mikono inayofika inapotakiwa kufika, kitambaa kizito kinachokubali pasi. Mnajua pia mwili nilionao. Shingo ya mwalimu, tumbo la diwani, mikono ya mpiga makasia. Mashati ya madukani siku hizi yanashonewa vijana wasiokula. Nikivaa saizi ya shingo yangu, vifungo vya tumboni vinavutana kama wagombea wawili na kiti kimoja. Nikivaa saizi ya tumbo, kola inanizunguka shingo bila kuigusa. Fundi wangu wa nguo wa Chuno nilimwomba anishonee kola ndefu. Akapima kwa macho, akaniuliza: "Mwalimu, hiyo kola au masikio ya sungura?"

Kwa hiyo mimi ni mtu wa mitumba. Sioni aibu. (Aibu yenyewe inakuja, tulieni.)

Leo nilikuwa na haja ya kweli. Mpwa wangu Shafii anataka kuoa, na binti ni Zuhura wa Mikindani. Huku kwetu baba anazaa, lakini mwenye watoto ni mjomba, kwa hiyo barua ya posa ilikuwa niipeleke mimi, leo baada ya alasiri. Baba wa kijana, shemeji yangu Bakari, angekaa pembeni na kuitikia. Dada yangu Somoe alinipigia simu alfajiri.

"Kaka, posa ya kwanza ilirudishwa. Hii nayo ikirudi, mwanangu nitampeleka wapi?"

(Posa ya kwanza, kwenye nyumba nyingine, ilirudishwa kwa sababu mshenga alisinzia. Mimi nilikuwa safarini. Mshenga alikuwa Bakari.)

Saa mbili asubuhi nilikuwa sokoni Chikongola kwa Chande, muuza mashati wangu. Chande huniita nang'olo, yaani mzee kwa Kimakonde, ingawa tumepishana miaka minne tu. Safari hii hakunionyesha rundo. Aliinama chini ya meza akatoa mfuko, na ndani ya mfuko shati. Rangi ya maziwa, mistari myembamba ya kahawia. Kola ndefu. Nililivaa palepale juu ya fulana yangu ya ndani. Mabega yakakaa. Mikono ikafika. Tumbo likaingia na nafasi ya pumzi ikabaki. 

"Hili halikutoka kwenye belo la mitumba," alisema Chande. "Kuna mtu kaniletea mkononi."

"Hili limetoka Italia," nikamwambia.

"Nang'olo, nakwambia kuna mtu..."

"Tazama mshono wa kola. Mkono huu. Siyo mashine. Hawa ni Waitalia."

Chande akanitazama kama mtu anavyomtazama mteja. "Haya," akasema. "Italia." Akalikunja. Bei yake haikuzidi sahani mbili za wali na samaki.

Nyumbani nikapiga pasi. Nilipoinua kola nikaona kwamba ilikuwa imegeuzwa. Kwa wale vijana: zamani kola ikichakaa kwenye mkunjo, watu hawakutupa shati. Waliifumua, wakageuza upande wa ndani ukawa nje, wakaishona tena, shati likaishi miaka mingine mitano. Hii iligeuzwa, tena kwa chini mtu aliongezea kipande cha kitambaa laini chenye maua ya zambarau, kwa mishono midogo kama punje za mtama. Niliguna kwa raha. Nikamwona kabisa bibi mmoja wa Kiitalia, miwani puani, paka miguuni.

Tukapanda bajaji kwenda Mikindani. Bakari alinikagua kuanzia kola hadi viatu.

"Shemeji, umependeza," akasema. "Sasa usiseme sana."

Hakuna aliyenipa ushauri bora kuliko huo leo, na nimezungumza na watu wengi.

Nyumba ni moja ya zile za mawe, kuta nene, ndani baridi. Tulipokewa na Mzee Ahmadi, mjomba wa Zuhura. Mjomba kwa mjomba, basi. Baba wa binti alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Alikuwa karani, mtu nadhifu, ndivyo nilivyosikia. Pembeni ya Mzee Ahmadi walikaa wazee watatu wasiotabasamu, na nyuma ya pazia walikaa wanawake ambao hatukuwaona lakini tuliwasikia wakipumua.

Niliweka barua kwenye sinia, imefungwa ndani ya leso nyeupe. Ada mnaijua. Mzee wa nyumba akiiokota leso, mmesikilizwa. Asipoiokota, mnakunywa kahawa mnaondoka nayo.

Mzee Ahmadi hakuiokota. Akaanza kuuliza.

"Kijana anaswali?"

"Swala tano, mzee wangu."

"Kazi?"

"Fundi mkuu wa mashine za boti."

"Pa kumweka mke?"

"Anajenga. Nyumba imefika kwenye lenta, bado paa."

(Nilisikia Bakari akihema kwa pua.)

Leso bado iko kwenye sinia. Mzee Ahmadi anaitazama, mimi naitazama, wale wazee watatu wananitazama mimi. Ndipo akaingia mama wa binti, Bi Rukia, dada yake Mzee Ahmadi, mkononi birika la kahawa. Akammiminia kaka yake. Akawamiminia wazee. Akafika kwangu, akainamisha birika, akaniangalia shingoni.

Kahawa ikajaa kikombe. Ikaendelea. Ikajaa kisahani. Yeye bado anatazama shingo yangu.

"Shati zuri," akasema polepole.

Mtu mwenye akili hapo anasema ahsante. Mimi nina shahada mbili.

"La marehemu baba," nikasema. "Nimelirithi."

Kwa nini nilisema hivyo? Nilitaka waone kwamba Shafii anatoka kwenye watu waliokuwa na kabati. Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa mkulima wa korosho kule Nanyamba. Hakuwahi kufunga kifungo cha kola maishani mwake. Alituachia majembe, shamba, na fulana mbili za kampeni za uchaguzi, zote za wagombea walioshindwa, kwa sababu alisema hao ndio hugawa fulana nzito.

"La baba yako," akarudia Bi Rukia.

"Naam. Na kola hii aliigeuza mama kwa mkono wake."

(Hakuna aliyeuliza habari za kola. Nataka hilo lieleweke.)

Bi Rukia akaweka birika chini.

"Chini ya hiyo kola pana kitambaa," akasema.

Nikashika kikombe. Kilikuwa kinaogelea kwenye kisahani.

"Cha maua ya zambarau. Nilikikata kwenye gauni la Zuhura la Idi, alipokuwa na miaka sita. Mume wangu alikuwa anatoka jasho sana shingoni."

Huko nyuma ya pazia kupumua kukakoma.

"Mwalimu," alisema Mzee Ahmadi, "inua kola."

Niliinua kola. Mzee Ahmadi akasogea. Wazee watatu wakasogea. Mmoja alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa kanzu bila haraka, akaivaa, akasoma shingo yangu kama anayesoma hati ya shamba. Nyuma ya pazia sauti ya msichana ikasema: "Ndiyo lile gauni langu."

Mambo yalikuwa hivi. Baada ya arobaini ya marehemu, nguo zake zilitolewa sadaka, kama ada. Aliyepewa shati lile alilivaa mpaka siku aliyoona heri alibadilishe kwa unga, akampelekea Chande. Hana kosa. Chande naye hana kosa, alijaribu kuniambia mara mbili. Katika mikono yote lilimopita shati hili, mwongo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyesoma zaidi.

Mzee Ahmadi akarudi kwenye kiti chake.

"Marehemu shemeji yangu alikuwa baba yako?"

"Hapana, mzee wangu."

"Maana angekuwa baba yako, basi Zuhura ni dada yako, na Shafii anamposa mama yake mdogo."

Hakuna aliyecheka. Akilini nilimwona Somoe, akiwa jikoni kwake na simu mkononi, anangoja.

"Sasa sikiliza," akasema Mzee Ahmadi. "Mtu anayetudanganya habari za shati, habari za kijana katuambia nini?"

Akanyoosha mkono kwenye leso. Hakuiokota. Aliisukuma, kidogo tu, kwa kidole kimoja, kuelekea kwangu.

"Tuanze upya. Anaswali?"

"Ijumaa hakosi," nikasema. "Alfajiri inamshinda."

"Fundi mkuu?"

"Wako mafundi wawili. Yeye ni wa pili."

"Nyumba?"

"Msingi."

"Ulisema lenta."

"Msingi, mzee wangu. Na tofali kiasi."

"Tofali zimeota majani," akasema Bakari. Ndiyo kauli yake ya kwanza tangu tuingie, na alichagua hiyo.

 Kola ilikuwa bado imesimama masikioni, sikuthubutu kuishusha. Nikasema lile moja tu nililobaki nalo: "Lakini hanywi, hapigani, na mama yake akiumwa ndiye anayempikia. Hapo sikuongeza kitu."

Mzee Ahmadi akamgeukia dada yake. Bi Rukia hakumtazama. Alikuwa anatazama shati.

"Hayo yote tulishayajua," akasema. "Tulituma mtu akaulize tangu kabla ya mfungo. Hata majani ya tofali tuliambiwa. Nilikuwa nangoja kusikia kama upande wao yupo mtu wa kusema kweli." Halafu akasema, kwa sauti nyingine: "Kile kitambaa nilikisahau. Siku ya kugawa nilikunja tu nguo, sikutazama kola."

Nikaanza kufungua vifungo.

"Usivue," alisema Bi Rukia. "Sadaka hairudi. Mimi siombi."

"Hairudi," akakubali Mzee Ahmadi.

Lakini nilikuwa nimeshavua. Nikasimama katikati ya nyumba ya watu, mshenga, nimevaa fulana ya ndani yenye tundu pembeni ya kitovu. (Tundu nililijua. Nilisema nani ataliona.) Na hapo, ndugu zangu, mjadala ukaanza. Mzee mmoja alisema kupokea ni kurudisha sadaka. Wa pili akasema sadaka iliisha ilipouzwa. Wa kwanza akamuuliza kasoma wapi. Mimi nimesimama, shati mkononi. Watoto walikuwa wameshajaa dirishani. Yule wa miwani ndiye aliyeamua.

"Huyu kanunua," akasema. "Kilichonunuliwa ni chake. Chake anatoa zawadi. Zawadi inapokelewa. Mpeni bwana huyu kitu avae, tundu lile linaniangalia."

Bi Rukia akapokea shati kwa mikono miwili. Hakulinusa, hakulia. Aliinua kola tu, akapitisha kidole gumba juu ya maua, akaingia nalo ndani.

Mzee Ahmadi akaiokota leso.

Sikumbuki vizuri dua iliyofuata. Nakumbuka nguo niliyopewa. Ilikuwa fulana ya kampeni, nzito, ya mgombea ambaye kama sikosei alishika nafasi ya nne. Uso wake ulitandaa tumboni kwangu, unatabasamu kwa niaba ya wote. Ilinikaa sawasawa kila mahali.

Kwenye bajaji Bakari alifumba macho mpaka tulipokaribia mjini. Nikadhani amesinzia.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

"Sasa ndiyo umevaa cha marehemu baba."

Harusi ni baada ya msimu wa korosho. Nitavaa kanzu mpya, na yeyote akiniuliza nimeitoa wapi, nitamjibu "dukani" na kunyamaza.