Njooni Mchukue Shujaa Wenu

Mtaa wa Kisima Kikavu,
Katubuka, Kigoma.
14 Julai.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Siku ya Mashujaa ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti Meshack,

YAH: KUOMBA SHUJAA WENU SAMSON AONDOLEWE NYUMBANI KWANGU

Shikamoo sikupi, kwa kuwa wewe ndiye unayepaswa kunipa; nilikubeba mgongoni ulipougua surua. Nimepokea barua ya kamati yako inayonialika tarehe 25 mwezi huu niketi tena mstari wa mbele, kwenye kiti cha wajane wa mashujaa. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kabla sijaifua kanga yangu nyeusi, naomba kamati ifahamu kwamba marehemu mume wangu, wakati barua hii inaandikwa, yuko hapa hapa barazani anatafuna karanga.

Jambo hili mtaa mzima unalijua, ila ofisi hupenda maandishi, basi nalieleza. Vijana wanane wa mtaa huu walikwenda vita vya Kagera. Ikaja taarifa kwamba wote wanane wamekufa. Tukaomboleza, tukajenga mnara wa saruji pale kiwanjani, na fundi akachora majina manane saruji ikiwa mbichi. La kwanza Oswald, aliyesimamia ndoa yetu, la mwisho Samson. Miezi minne baada ya msiba, Samson akashuka kwenye treni na mkongojo wake, ametoka hospitali ya mbali ambako hakuna aliyemwandika jina. Saruji ilikuwa imekwisha kauka. Fundi akasema akilikwangua la chini, la juu yake litapasuka. Viongozi wakasema basi liachwe kwa muda. Muda huo ndio huu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila mwaka padri anamwombea Samson apumzike kwa amani, kisha shehe anayetoka Ujiji anaomba vivyo hivyo. Maombi ya dini mbili yamepokelewa. Mtu huyu amepumzika. Mabati matatu ya nyumba yetu yameachia misumari tangu mvua za mwaka juzi, na nikimwambia apande ananijibu kwamba shujaa aliyelala haamshwi. Nimetega masufuria chini ya matundu mpaka sina la kupikia.

2. Anahudhuria maombolezo yake mwenyewe. Likisomwa jina la Oswald anavua kofia na kuinamisha kichwa, na hubaki hivyo mpaka jina la saba. Likifika la nane anaivaa kofia, na umati ukisema Mungu amrehemu, yeye huitikia amina kuwashinda wote. Kisha tukirudi nyumbani ananikosoa, eti mwaka huu machozi yalichelewa, tarumbeta lilishafika katikati. Mjane gani hukaguliwa kilio chake na marehemu?

3. Yupo Mzee Nyabenda, mgane mwenye michikichi yake kule nje ya mji. Hakukulia mtaa huu, kwa hiyo anaamini kila kinachosemwa na kipaza sauti. Kila Julai ananiletea dumu la mawese kama rambirambi. Marehemu hulipokea mlangoni mwenyewe, akijitambulisha kuwa ni shemeji yangu, na jioni hula migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mafuta ya msiba wake. Mwaka jana aliomba yaongezwe.

4. Mwaka jana huo huo mgeni rasmi, baada ya kuweka ngao na mkuki mnarani, alipita akitupa mkono. Alipofika kwa Samson akampa pole kwa kuondokewa. Samson akamjibu, "Tumeshazoea." Nilitamani ardhi inimeze, maana nilicheka, na kiti cha wajane si cha kuchekea.

5. Hili ndilo linaloniondolea usingizi. Niliapa altareni kwamba nitakaa naye mpaka kifo kitutenganishe. Kifo chake kinatangazwa kila mwaka, mbele ya viongozi, padri, shehe na bendi ya shule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunyoosha mkono kupinga. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, miaka yote hii ninaishi na mwanamume ambaye si mume wangu, na watoto wanne niliozaa baada ya mnara kujengwa sijui ni wa nani. Mmoja wao ni Scola, makamu wako. Kamati ambayo makamu wake amezaliwa na marehemu haiwezi kuniambia mimi habari za utaratibu.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya mawili. Ama kamati ije na gari imchukue shujaa wake, imlaze chini ya mnara pamoja na ngao, mkuki, upinde na mshale, imlishe mwaka mzima, nami nipewe cheti cha kifo ili nijue la kumjibu Mzee Nyabenda. Ama fundi aletwe kabla ya tarehe 25 alikwangue jina la Samson, litoke kabisa, yasomwe majina saba, na yeye akiwa hana tena cheo cha kulalia, apande juu ya paa. Haiwezekani mtu awe jina mnarani na mdomo jikoni.

Nawasalimu wanakamati wote, mkeo Esther, na mama yako, umkumbushe ile mbegu ya maharage aliyoniahidi. Msalimie na yule mpiga tarumbeta, mwambie mwaka huu amsubiri padri amalize.

Ni mimi ninayengoja gari,
Melania,
Mjane wa muda.

Nyongeza: Huu mwandiko mzuri si wangu. Macho yangu hayaoni mstari tena, kwa hiyo barua nimeitamka mimi na Samson ameiandika. Malalamiko yote matano aliyaandika huku akicheka, na lile la kuongezewa mawese ameliweka mwenyewe. Tulipofika pale pa kuomba fundi alikwangue jina, kalamu ikasimama. Akavua kofia. Akasema, "Melania, wale niliondoka nao, sikurudi nao. Siku moja kwa mwaka ndiyo tunaitwa pamoja. Niachie hiyo." Kisha akaliandika ombi langu neno kwa neno kama nilivyolitamka, bila kupunguza kitu, nami nikaona aibu.

Basi Meshack mwanangu, fundi asije. Yasomwe yote manane. Nitakaa kwenye kiti changu, na kilio changu usikitilie shaka: nilimlilia huyu mtu miezi minne, na tarumbeta likilia huwa narudi mle mle. Kuhusu paa, anasema atapanda kesho asubuhi, na mguu wake unaujua. Ukipita ukamwona marehemu juu ya bati, usitangaze. Mshikie ngazi.