Kufuli Nililoliondoa Kwenye Lifti ya Mgodi

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Nashukuru kwa afya, kwa magwinya ya asubuhi, maandazi yetu ya kukaanga, yaliyokuwa bado ya moto, na kwa mpango ulionijia nikiwa kwenye foleni ya kuyanunua.

Mevrou Retha, yaani Bi Retha, bosi wetu, alitukusanya karakanani. Alisema Ijumaa wateja wa mgodi wanakuja hapa Boksburg kuiona lifti yetu ikipanda na kushuka kwenye mnara wa majaribio. Breki bado inachelewa kuitika. Atakayeiharakisha ndiye atakayeongoza kazi ya kuifunga mgodini. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Nthabeleng, mwandishi mwenzangu wa programu. Nthabeleng alitazamwa kwa muda mrefu zaidi, lakini nadhani jua lilikuwa linampiga Mevrou machoni.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajichanganya. Lifti ina prosesa mbili, yaani bongo mbili za kompyuta. Ya kwanza hupima kina ilipofika lifti, kisha hukiandika kwenye kumbukumbu ya pamoja. Programu yake ni ya Nthabeleng. Ya pili husoma hapohapo na kuamua kama breki ifunge au iachie. Hiyo ni yangu. Mfumo endeshi wetu ni wa wakati halisi: jibu sahihi likichelewa ni kosa, maana lifti haimsubiri mtu. Sasa Nthabeleng ameweka kufuli kwenye kumbukumbu hiyo. Anayeandika afunge, aandike, afungue. Anayesoma naye hivyohivyo. Matokeo yake prosesa yangu husimama mlangoni kama mgeni aliyesikia mbwa wakibweka ndani.

Lakini mimi nasoma tu. Kusoma kunamdhuru nani? Nimeliondoa kufuli upande wangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu mezani, kwa namba za kubuni. Breki inaitika kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mevrou alinipiga begani. Bega bado lina furaha.

Nthabeleng alikuja kuuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimezipanga hesabu upya.

“Hesabu zipi, abuti?” akauliza, kama dada kwa kaka.

Nikasema ni maelezo marefu. Akavuta kiti, akasema ana nafasi. Hapo nikakumbuka kwamba kuna mtu natakiwa kumpigia simu. Nashukuru kuna simu duniani.

Jumatano, 5 Machi

Leo lifti yenyewe, imepakiwa magunia ya mchanga. Ilipanda na kushuka vizuri asubuhi nzima. Nilianza kufikiria koti nitakalovaa siku ya kukabidhiwa uongozi. Ndipo katikati ya mnara, bila sababu yoyote, breki ikakaza ghafla. Magunia yakapasuka. Ntate Letlape, mzee anayeusimamia mnara, alikuwa chini anatazama juu, mdomo wazi.

Alitema mchanga kwa utulivu, kisha akaniuliza, “Hii breki yako imeona nini, mwanangu? Imeona mzimu?”

Nikamwambia nashuku nyaya. Maskini, alipiga goti lake bovu akabadilisha nyaya mchana kutwa, huku akiimba. Namshukuru sana. Zilizotoka zilikuwa nzima kabisa.

Mimi nikarudi mezani kutafuta sababu, nikaiona. Namba ya kina huandikwa kwa vipande viwili. Prosesa yangu, kwa kuwa haibishi hodi tena, iliingia wakati kipande kimoja kimeshaandikwa na cha pili bado. Ikabeba nusu mpya na nusu ya zamani, ikaziunganisha, ikapata kina kilicho chini ya sakafu ya mnara. Breki ikadhani lifti imeshazikwa, ikakaza.

Nikirudisha kufuli, ucheleweshaji utarudi, na Mevrou atauliza. Nina njia bora. Nitasoma mara mbili. Namba zikifanana, naamini. Zisipofanana, nasoma tena. Wakati mwingine najishangaza.

Alhamisi, 6 Machi

Kusoma mara mbili kumefaulu ajabu. Namba zilifanana kila mara, bila kukosea hata mara moja. Nilipaswa kuogopa hapo. Badala yake nilikula vizuri.

Baada ya chakula lifti ilishuka, ikaendelea kushuka, ikasahau kusimama, ikatua kwa kishindo kwenye vizuizi vya mpira vilivyo chini ya mnara. Jengo likatikisika. Chai ya Mevrou ikamwagikia sketi. Nikatangaza kwamba magunia ni mazito mno. Ntate Letlape akapunguza magunia, akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

Safari iliyofuata ilikwenda salama. Mevrou akasema basi, kesho tunaonyesha.

Sababu nimeijua wakati nafunga begi nirudi nyumbani. Kila prosesa hujiwekea nakala ya namba pembeni yake, isisumbuke kwenda mpaka kwenye kumbukumbu ya pamoja. Mara ya pili prosesa yangu haikwenda kusoma kumbukumbu. Ilisoma nakala yake yenyewe. Yaani nilimuuliza shahidi mmoja mara mbili, nikafurahi kwamba mashahidi wawili wanakubaliana. Lifti imeshafika chini, prosesa yangu bado inaamini lifti iko juu.

Lakini kesho yatapanda magunia tu. Nashukuru kwa magunia. Hayana mke wala watoto.

Ijumaa, 7 Machi

Wateja walifika asubuhi. Pamoja nao Mma Seroto wa chama cha wachimbaji, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alisikiliza maelezo yote ya Mevrou, kisha akamwomba Ntate Letlape ashushe magunia. Atapanda yeye.

Mevrou akasema si lazima.

“Ni lazima,” Mma Seroto akasema. “Wanaume na wanawake wangu watateremka na kitu hiki kila siku. Nikawaambie nini? Kwamba nilikiangalia kwa nje kikapendeza?”

Akavaa kofia ngumu. Akatafuta mtu wa kumshikia mkoba, akanipa mimi. Ulikuwa na uzito wa mtoto mchanga.

Wazo la kwanza lilikuwa kuwaambia ukweli. Nilisita. Kuzima swichi kuu lilikuwa la pili, na tayari nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikaizima. Karakana ikawa giza, nikapaza sauti kwamba umeme umekatwa kwa mgao, pole kwa wageni.

Nthabeleng akachungulia dirishani. Kwa jirani, mafundi wa kuchomelea walikuwa wanarusha cheche kama kawaida.

“Mgao wa upande mmoja wa ukuta,” akasema. Wageni wakacheka. Mevrou hakucheka.

Nthabeleng akawaomba wageni wakanywe chai, kisha akaja nilipokuwa, nyuma ya kabati la swichi, nimeukumbatia mkoba.

“Umeliondoa kufuli,” akasema.

“Upande wangu tu.”

“Kufuli lina upande, Obakeng?”

Nikamweleza yote: vipande viwili, kusoma mara mbili, nakala ya pembeni. Nilisubiri matusi. Hakutoa hata moja. Aliuliza tu kama najua kwamba yule mama ana wajukuu, kwa sababu asubuhi alimwonyesha picha zao. Ningependelea matusi.

Tukawasha swichi, tukaketi kwenye meza yangu. Akarudisha kufuli. Kisha akanionyesha kitu kilichonitoa jasho: tangu zamani, mimi nilikuwa naingia, nafunga, halafu nafanya hesabu zangu zote humohumo ndani, mlango umefungwa. Programu yake ilikuwa inanisubiri mimi, ikichelewa kuandika, nami nikija tena naikuta bado inaandika. Aliyekuwa anaziba mlango ni mimi. Sasa prosesa yangu inaingia, inachukua namba na kutoka. Hesabu inafanya nje. Na ikiingia, inatupa kwanza nakala yake ya pembeni ili isome kumbukumbu yenyewe. Breki ikawa karibu na kasi ya udanganyifu wangu, bila udanganyifu.

Tukajaribu na magunia mpaka Ntate Letlape akasema mchanga wenyewe umeomba likizo. Kila safari, salama.

Baada ya chakula Mma Seroto akapanda. Mlango ukafungwa. Sikuwa na pumzi wala nia ya kuitafuta. Lifti ikashuka, ikapunguza mwendo, ikasimama. Akatoka akitabasamu, akasema imemweka chini kama mama anavyomweka mtoto aliyelala. Akauliza ni kazi ya nani.

“Yetu wawili,” Nthabeleng akasema. “Mimi na Obakeng.”

Nilimrudishia mama mkoba wake kwa mikono miwili. Nikatoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi machoni.

Nthabeleng akanifuata. Akasema Jumatatu nimweleze Mevrou mwenyewe, la sivyo atamweleza yeye. Nikakubali. Sijawahi kumshukuru mtu hivi maishani mwangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemweleza Mevrou. Aliiangalia sketi yake. Nthabeleng ataongoza kazi ya mgodini. Mimi nitakuwa chini yake, na nimeambiwa aliniomba kwa jina. Ntate Letlape amenisamehe kuhusu nyaya, akaniita mwanangu tena. Nimeahidi mbele ya wote kwamba sitaondoa chochote bila kuuliza. Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Mchana nimepewa kazi mpya: programu ya feni kubwa ya kupeleka hewa mgodini. Kazi safi, nashukuru. Ila ndani yake nimekuta kitu wanachokiita mlinzi. Kila baada ya muda mfupi programu lazima imsalimie. Isipomsalimia, yeye anaona imezirai, anaiwasha mashine yote upya. Adabu nzuri, lakini salamu zote hizo zinakula muda.

Nimemzima mlinzi. Feni inazunguka kwa wepesi. Sijamwambia mtu. Nataka liwe jambo la ghafla kwa Nthabeleng, namna yangu ya kusema asante.