Tuimasina na Vita vya Nazi Moja

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, acheni hata chungu kiungulie jikoni, niwasimulie habari za Tuimasina wa kisiwa cha Savai'i, mwenye kifua kipana kama mlango wa kanisa, na vita alivyopigana na nazi!

Alikuwa amevikwa uchifu juzijuzi, akitokea Auckland, jiji la ng'ambo alikokulia. Cheo alikuwa nacho, heshima bado. Mzee Pulou, msemaji wa baraza la machifu na mshika usinga, alikataa katakata kulitamka jina lake la kichifu. Alimwita "kijana wa Auckland", na neno hilo lilimchoma shujaa wetu kuliko mkuki.

Ikawa Jumapili, baraza zima linakuja kula kwake baada ya ibada. Mawe ya tanuri yamekwisha kuwa mekundu, majani ya magimbi yanangoja kufungiwa tui, lakini tui hakuna! Vijana, ambao kukuna nazi ni kazi yao, walikuwa wamempelekea mchungaji chakula. Tuimasina akasimama juu ya mkeka, akanguruma, "Enyi vijana! Nazi ikunwe!"

Akajibiwa na jogoo.

Shangazi yake Sieni akacheka hadi akashika mbavu. "Haya, bwana mkubwa, iamuru basi ijikune! Mwanangu, kwetu mtu hutumikia kwanza, ndipo akatawala. Wewe umeanzia mwisho."

Hapo shujaa akavua shati lake jeupe, akaipasua nazi kwa pigo moja, nalo lilikuwa la nne, akampanda mbuzi wake wa vita, mbuzi asiyekula majani, wa ubao na meno ya chuma. Akakuna! Jasho likamtiririka, vidole vikachubuka, machicha yakamrukia hadi kwenye nyusi, wala hakurudi nyuma. Tui likapatikana, chakula kikaingia tanurini, naye akabaki juu ya mbuzi akihema. Ndivyo baraza lilivyomkuta.

"We kijana wa Auckland," akasema Pulou, "chifu mzima unakuna nazi?"

"Mzee wangu, mmekuja na njaa. Ningewalisha amri?"

Pulou akaketi mkekani. Chakula kilipoiva akala, akalamba vidole, akala tena, kisha akainua usinga wake mbele ya wote.

"Tuimasina!"

Nyumba nzima ikageuza shingo. Shujaa machozi yakamlenga. "Naam, mzee wangu?"

"Kuna nyingine."

Ikiwa lilikuwa swali au amri, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Tuimasina hakuuliza. Alikuwa ameitwa kwa jina lake, akarudi kumpanda mbuzi.