Darasa la Mrija, Kibomet

Jumatatu, 7 Machi 1949
Bahati inanijua kwa jina. Serikali imegundua kwamba akili za watu ni shamba, zikikaa bila kulimwa zinaota magugu. Inataka watu wazima wasome. Na hapa Kibomet imenichagua mimi, Wekoye, niwafundishe. Nimemwambia kila mtu. Waithaka, fundi cherehani mwenye darasa lake kanisani, akauliza ati nimechaguliwa na nani. Wivu tu. Akasema Jumamosi afisa wa elimu atakuja kutoa kibali kwa darasa moja. Lingine litafungwa.

Jumanne, 8 Machi
Wanafunzi: hakuna. Hata Sellah, mke wangu, amesema ana kazi. Wanaume wote wako kwa jirani Eliakim, wamezunguka chungu cha pombe ya busaa na mirija yao mirefu.
Basi shule itawafuata huko huko.

Alhamisi, 10 Machi
Sheria ni moja: soma herufi, ndipo uvute mrija. Eliakim, aliyechoka kutia sahihi kwa kidole gumba kila mahali, alimaliza irabu zote kabla povu halijatulia. Wanafunzi wawili wa Waithaka wamehamia kwangu, mmoja mzee wa kanisa. Sellah akauliza kama nimefungua shule au kilabu. Nikamwambia hizi ni mbinu za kisasa. Akasema zinanuka.

Jumamosi, 12 Machi
Afisa alifika. Chungu nilikificha. Nikaandika ubaoni: Leo mvua itanyesha. Darasa zima linanitazama kama ng'ombe mnadani. Eliakim akaninong'oneza, "Mwalimu, bila mrija herufi hazikai." Nikampa mkavu. Akaushika kama fimbo ya chifu, akavuta hewa, akasoma sentensi yote. Kisha akairudia, machozi yakimtoka. Hata Waithaka alipiga makofi.
Afisa akauliza mrija ni wa nini. Mzee wa kanisa hajui uongo. Akamweleza.
Darasa langu limefungwa. Kibali amepewa Waithaka.

Jumatatu, 14 Machi
Watu wangu wote wako kwa Waithaka, tena wanasoma bila kulewa. Eliakim ameandika jina lake kwa mkaa mlangoni, chooni, na ubavuni mwa ng'ombe. Waithaka amekuja kwangu: "Si uje unisaidie, bana? Wanakuulizia." Nimempa chaki zangu zote, lakini nimekataa. Nina shughuli Bungoma. Huko watu hawajui hesabu, ila nyama choma wanaijua. Jibu moja, finyango moja. Kesho napanda lori. Nikifika nitasema nimetumwa na serikali, kama nilivyosema hapa.
Serikali haikunichagua. Haijui hata kama nipo.