Maksai Nambari Tisa na Hori la Njegere

Sogeeni, enyi wakamuaji wa alfajiri na wapiga soga wa barazani, mfunge vinywa mfungue masikio, niwasimulie siku ile Dakota Kaskazini ilipotikisika tangu zizi hadi ghala, na kilichoitikisa ni debe moja la njegere kavu.

Maksai wanane wa kituo cha utafiti, kilichokuwa kikijaribu kulisha ng'ombe njegere badala ya soya, walikuwa wamekwisha kula. Wa tisa, mnene wa shingo, mgumu wa kichwa, alinusa hori akageuza uso. Na kanuni ilikuwa kali: akikataa hata mmoja kufikia saa sita mchana, jaribio lafutwa, na soya yarejea horini kwa matarumbeta.

Njegere hizo alizipanda Orville Tollefsrud, Mng'oa Mawe, Jemadari wa Koleo, mjukuu wa Wanorwe waliovuka bahari na Biblia na haya zao. Miaka mitatu alizihangaikia. Moyo ulimuuma, tena sana.

Daktari Pruitt, mkuu wa kituo, mgeni kutoka Texas, alichomoa kalamu kama upanga. "Amekataa, mzee. Naandika."

"Weka kalamu chini, Daktari," Orville akanguruma, ngurumo ambayo kwa watu wengine ingeitwa kukohoa. "Huyu kalelewa na Verna Skogen, mke wa shemasi. Kwa Verna hakuna anayepokea chakula mara ya kwanza. Ya kwanza unasema hapana. Ya pili unasema usijisumbue. Ya tatu ndiyo unakula."

"Ni ng'ombe, Orville."

"Ana adabu kuliko watu fulani."

Shujaa akaliondoa hori, akalirudisha. Maksai akainamisha macho, akarudi nyuma hatua moja. Zikabaki dakika mbili. Orville akaliondoa tena, akalisogeza mara ya tatu, akanong'ona, "Kidogo tu, bwana. Zitaharibika."

Maksai akashusha pumzi kama aliyelazimishwa, akazamisha pua, akatafuna mpaka akalamba mbao.

Ikaandikwa kitabuni: Nambari 9, amekula.

Kisha ikaja kahawa. "Keki, mzee?" akauliza Daktari.

"Hapana, nimeshiba."

Hapo ndipo sahani ilipokuwa ikiondolewa kila siku, miaka miwili mizima, na Orville akirudi kwake na njaa na kinyongo. Daktari akaitazama sahani, akalitazama zizi.

"Chukua hata kipande."

"Usijisumbue, Daktari."

Majeshi ya mbinguni yakabana pumzi.

"Kidogo tu, mzee. Itaharibika."

Basi andikeni, enyi waandishi wa tarehe: siku hiyo, kituoni, walikula wawili wenye adabu.