Mgao wa Mama Mkwe

3 Machi, Jumatatu
Baraza hapa Malaba, kuhusu sheria ya unga nafuu. Kila boma pakiti kumi na mbili kwa mwezi, nusu bei. Boma lenye mtu wa miaka sabini au zaidi, mara mbili! Mulama, mkulima wa Busibwabo, akalia: unga ukiwa rahisi hivyo, mahindi yake atamuuzia nani, nyani? Velma, mjane, akamwambia akayauze mbinguni, watoto wake juzi walilalia chai. Nikasimama nikasema wote wana haki. Mambo haya nilimfundisha waziri mmoja tulipokwama kwenye foleni ya malori. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanatafakari.

Mchana nikasinzia. Unga ulikuwa unashuka polepole, mvua isiyolowesha, mpaka ng'ambo, Uganda. Mwamba wa Tororo ukawa ugali mtupu. Nikaukata kipande.

4 Machi, Jumanne
Nimemwandikisha mama mkwe! Jina lake mimi silitaji, heshima. Miaka sabini na tisa, nikasema anaishi kwangu. Karani Ekisa, Mteso mwenzangu, akakodoa macho. "Mzee Okiror, wewe na mkwe wako, paa moja?" Ofisi nzima ikacheka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani; mimi nikimwona njiani naingia kichakani! Niliwaza pakiti, mila ikanitoka kichwani. Ekisa anakuja Alhamisi kuhakikisha. Asipomkuta, kadi yetu inafutwa mwaka mzima.

5 Machi, Jumatano
Mke wangu Amuge hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema ghala ni tupu, watoto ni wanne, na kadi ikienda atatupikia hadithi zangu. Kisha akapanda boda kumleta mamake. Nilipoona mwavuli wa mama mkwe langoni, nikatoroka kupitia dirishani. Na mwili wangu huu! Nimehamia ghalani.

6 Machi, Alhamisi
Ekisa kamkuta mama mkwe kwenye kiti changu, anamla jogoo wangu. Ameridhika. Kadi imepona! Ila ameandika mwenye boma ni mama mkwe, maana mwanamume hakuonekana. Nikapaza sauti kutoka ghalani kwamba nipo. Mama mkwe akauliza ni nini hicho. Amuge akasema ni panya.

8 Machi, Jumamosi
Mama mkwe haondoki. Anasema kwake kunavuja, na hapa watu ni wazuri. Amuge anacheka naye jikoni kama msichana.

Si neno. Ghalani kuna upepo. Jua linapenya kwenye nyufa, na vumbi la mahindi ya zamani linaelea humo bila haraka. Nililitazama asubuhi yote, nikawa mwepesi, kama nami naelea. Ndipo wazo likaja. Nalala hapa. Nakula hapa. Hili ni boma!

Nikampigia Ekisa aliandikishe. Aliniomba nirudie mara mbili, nadhani kwa heshima. Kisha akasema boma la mtu mmoja litapata mgao mmoja tu, tena baada ya yeye kuja kulikagua.

Nikamwambia aache nafasi kwenye fomu. Mama mkwe ana dada yake mkubwa kule Amagoro. Miaka themanini na tatu. Kuanzia leo anaishi na mimi ghalani.