Siku Mkamwana Alipoanua Nguo kwa Kiasi

Njooni, enyi mjuao uzito wa blanketi lililoloa! Sogezeni viti, zimeni redio, niwasimulie habari za Mkamwana, fundi wa viyoyozi, simba jike wa kamba ya nguo, aliyeingia vitani vibanio mdomoni na kandambili miguuni.

Adhuhuri ile mbingu iligeuka rangi, si nyeusi si nyeupe, na wingu moja lenye kiburi likapiga kambi juu ya ua. Ndipo Bibi, mwenye enzi kuu ya nyumba ile, aliponguruma dirishani: "Asiguse mtu! Blanketi langu lisipokauka leo nitajifunika nini? Wingu hilo linatisha watoto tu!"

Hajamaliza, Mama Mkwe, muuguzi mwenye sauti ya tarumbeta, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mvua hiyo hapo! Anua zote! Gauni langu la kazi likiloa, kesho nitaingia wodini na nini?"

Amri mbili, kamba moja, na Mkamwana katikati! Akimtii Mama, amemvunjia heshima Bibi aliye juu yao wote. Akimtii Bibi, ni Mama atakayekula naye meza moja akiwa amenuna. Naye aliwapenda wote wawili, na kuwaogopa zaidi.

Lakini shujaa hakukimbia. Akatema vibanio, akalikodolea macho wingu, akanena: "Bibi yangu, Mama yangu, nisikilizeni! Kiyoyozi kizuri hakiulizi, 'Kuna joto au hakuna?' Huuliza, 'Joto kiasi gani?' kisha kikapuliza kiasi hicho. Wingu hili ni la mvua kidogo. Basi nami nitaanua kidogo!"

"Tangu lini watu wakaanua kidogo?" Mama akashangaa.

"Mwache," Bibi akaamuru. "Tuone."

Akaruka! Gauni jeupe, lililokaribia kukauka, akalinyakua kwanza na kulikimbiza ndani. Blanketi, ambalo bado lilichuruzika maji, akaliburuta kama mateka hadi chini ya upenu, upepo uendelee kulichapa. Soksi za mumewe, ambaye hakuulizwa, akaziachia majaliwa yao.

Mvua ikaja: rasharasha, halafu jua.

"Nilisema haitanyesha," Bibi akatangaza.

"Nilisema itanyesha," Mama akajibu, akilikunja gauni.

Wakatazamana, wakaangua kicheko, wakamwita Mkamwana: "Binti yetu, njoo unywe chai!"

Na vizazi vijue: siku ile wakuu wawili walipatia kwa pamoja, na mkwe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikunywa chai yake akiwa ameketi.